Fundi Kiko Anachagua Biri

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kiko, na jina lilimkaa kama suti alizoshona mwenyewe, halikubana wala halikupwaya. Kiko kilikuwa mdomoni tangu anapofungua duka mpaka anapofunga, mara nyingi bila moto, maana moto na vitambaa vya watu havikai chumba kimoja. Meno yake mawili ya kushoto yalikuwa yamelika pale anapokibana. Mkewe alisema siku ya kumzika mumewe itabidi kitangulie kiko, la sivyo mwenyewe hatakubali kwenda.

Sasa mtu huyohuyo, Jumamosi asubuhi, alivaa koti lake la kijivu, akapiga viatu rangi, akatangaza kwamba anakwenda kununua biri.

Mkewe alikuwa anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. "Biri zipi? Zile nene za majani matupu, za wenye vitambi?"

"Hizo hizo. Kiko kimenichosha."

"Kimekuchosha leo."

"Leo."

"Haya," mkewe akasema, akaendelea kukunja shuka. "Ila duka la biri hapa mjini ni moja tu."

"Nalijua."

"Unalijua kwa kusikia. Hujalikanyaga."

Fundi alitia kiko mfukoni, akachukua kofia, akatoka. Na mkewe, ambaye si mjinga, alisubiri mpaka mlango ufungwe ndipo akakaa chini na lile shuka mapajani.

Tusizungukezunguke. Duka la biri lilikuwa la binti yao wa kwanza, na baba mtu alikuwa hajaingia humo hata mara moja.

Binti yule alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alianza kwa kuokota pini, akapanda cheo akawa wa kupiga pasi, mwisho akashika mkasi. Na kukata si mchezo. Kushona hata mashine inashona, kukata ni kichwa cha mtu. Kabla hajawa mwanamke mzima, alikuwa anakata koti la kiume kwa kutazama tu mabega ya mteja akiwa bado mlangoni. Baba yake aliona. Aliona yote, wala hakuwa kipofu. Ila alikuwa na imani moja aliyoirithi kwa wazee wake, kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi akazifungia sifa kifuani akatupa na ufunguo. Binti akileta kazi safi, baba anasema, "Weka pale." Akileta kazi safi zaidi, baba anasema, "Pindo la kushoto liangalie." Mtu akinyimwa chakula atakonda watu wamwone. Akinyimwa neno zuri nani atajua?

Kisha binti akapata mwanamke mmoja mtaalamu wa kutengeneza biri kwa mkono, akajifunza kwake, kazi ikamwingia moyoni. Siku alipokuja kumwambia baba yake kwamba anaacha cherehani na kufungua duka lake, duka la baba lilikuwa limejaa wateja. Fundi alitoa kiko mdomoni. Akasema, watu wote wakisikia, "Mimi nilizaa fundi. Sikuzaa msokotaji."

Msokotaji. Ebu fikiria. Katika mji ule msokoto ulikuwa na maana moja tu, yaani kile kitu vijana wanachovutia vichochoroni huku mmoja wao akichungulia polisi. Wateja waliangua kicheko. Binti aliufunga mkasi, akauweka mezani taratibu, ncha zikitazama ukutani kama alivyofunzwa, akatoka. Ulimi hauna mfupa, na cha ajabu, ndio unaovunja watu mifupa.

Tangu siku ile, binti alikuja nyumbani baba akiwa kazini tu. Yeye na mama yake walizungumza kwa simu kila siku. Katika simu hizo binti alianza kuuliza, "Mzee wako hajambo?" Mama alifikisha salamu kama zilivyo, bila kuongeza chumvi, maana chumvi ilikuwa imeshazidi. "Mwanao anauliza, 'Mzee wako hajambo?'"

Hilo ndilo lililomtafuna Fundi Kiko. Hakuitwa Baba tena. Mzee wako ni nani? Mzee wako anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mlinzi wa getini. Yeye alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, mwanawe amwite Baba. Lakini kwenda kuliomba jina lake mwenyewe, kiburi kilimkataza, ndiyo maana akaenda kuomba biri.

Duka lilikuwa chumba kirefu, chembamba, safi. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo, kando viti viwili vya ngozi vya wateja, na mwisho kabisa, penye dirisha, meza ya kazi. Jambo la kwanza lililomshangaza Fundi ni harufu. Alitegemea moshi. Badala yake alikutana na harufu ya mbao zilizorandwa karibuni, na udongo uliopata mvua, na chini yake kitu kitamu kama zabibu kavu. Pua yake ya mvuta kiko ilisimama pale mlangoni kabla ya miguu. Tumbaku hii imetunzwa, alijisemea. Imetunzwa kweli kweli.

Binti alikuwa mezani, amefunga aproni ya kahawia. Aliinua uso. Hakushtuka, au kama alishtuka alificha vizuri.

"Karibu, mzee," akasema. "Nikusaidie nini?"

Kwa sauti ileile, jamani, na tabasamu lilelile analompa kila mteja. Hakumkosea adabu hata kidogo, na hapo ndipo palipouma. Angemfokea, Fundi angejua pa kuanzia.

"Natafuta biri," Fundi akasema. "Mimi mgeni wa mambo haya. Kawaida yangu ni kiko."

"Naona," binti akasema, akiyatazama yale meno mawili. "Pita uangalie. Usiwe na haraka."

Nyuma ya kioo biri zilikuwa zimelala kwenye masanduku ya mbao, nene na nyembamba, fupi na ndefu, nyingine rangi ya majani makavu, nyingine kahawia, nyingine nyeusi tititi. Zote zilikuwa laini, hakuna iliyokunjamana. Fundi alizunguka mara mbili mikono ikiwa mgongoni. Kisha, kwa kuwa kiburi hakikai nyumbani mwenyewe akitoka, akanyoosha kidole kwenye ile iliyo nene na nyeusi kuliko zote.

"Nipe hii."

"Kwa nini hiyo?"

"Nyeusi. Tumbaku nyeusi ndiyo tumbaku."

"Kwenye kiko, sawa," binti akasema. "Hapa weusi ni wa koti tu, hili jani la nje. Mtu anaweza akavaa koti jeusi na ndani akawa mpole. Tena yupo mwingine anavaa koti jeupe, na ukimgusa unajuta."

Fundi alitaka kutabasamu, akajizuia. "Na unene?"

"Nene inawaka polepole, moshi wake una ubaridi. Ila hiyo itakuchukua asubuhi nzima, na tumbo lako halijazoea. Utatoka hapa umeshikwa makwapa na watu wawili. Umekula?"

"Mama yako kanipa chai."

Neno lilimponyoka. Mama yako. Likaning'inia pale katikati yao, na binti hakulidaka wala hakulitupa. Alifuta kaunta ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Ukivuta kiko chako," akaendelea, "unavuta haraka au unaonja?"

"Naonja. Ukikikimbiza kiko kinakuunguza ulimi."

"Moshi unaumeza?"

"Kiko hakimezwi."

"Vizuri sana. Hapo umewazidi wengi wanaokuja hapa. Wavuta sigara za kawaida wanameza, wanakohoa mpaka machozi, halafu lawama napewa mimi."

Vizuri sana. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu wa dada yake, alilipokea lile neno kama mtoto aliyerudishiwa daftari lenye alama nyekundu za vyema. Akasimama wima zaidi. Na kwa mara ya kwanza alijiuliza ingekuwaje kama na yeye angekuwa analitoa neno kama hilo kila siku, walau Ijumaa.

Binti alimtazama mikono, kifua, mdomo. Fundi alilijua jicho lile. Ndilo jicho la kupima bila futi. Kisha akafungua sanduku la katikati, akatoa biri ya kahawia, ya wastani kwa kila hali, ambayo Fundi alishaipita mara mbili bila kuiona.

"Jaribu kuibonyeza. Polepole, kama unabonyeza tunda la mwenzio sokoni."

Fundi aliibonyeza tangu mwanzo hadi mwisho kwa vidole vilivyozoea mabega ya makoti. Hakupata uvimbe wala bonde. Ulaini ulikuwa mmoja mwanzo mpaka mwisho.

"Ikiwa na uvimbe, moshi unakwama," binti akasema. "Ikiwa na shimo, inawaka kama karatasi. Nipe dakika, kuna jani hapa litakauka nikiliacha."

Akarudi kwenye meza yake, na Fundi akamfuata bila kukaribishwa.

Binti alitandaza jani moja, jembamba, lenye unyevu kidogo, akalilainisha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto mchanga. Akachukua kisu kisicho na mpini, kipana, kilichopinda kama nusu ya sahani. Hakupima, wala hakuweka alama. Kisu kilipita mara moja tu, kikiserereka upande, na jani likatoka na umbo lake kamili. Kisha akaiweka biri tupu, ambayo haijavikwa koti, kwenye ncha, akaanza kuivingirisha kwa viganja, huku anavuta kidogo, analegeza kidogo, na lile jani likapanda, likazunguka, likaivisha biri bila kuacha kunyanzi hata moja.

"Unakata hanamu," Fundi akasema. Hakuwa amekusudia kusema.

"Lazima. Jani ukilikata kwa kufuata mshipa, halipindi, linapasuka. Ukilikata hanamu, mshazari, linavutika, linamkumbatia mwenyewe."

Maneno hayo yalikuwa yake. Fundi aliyasema yeye, juu ya kola na mikanda ya sketi, kwa mtoto mdogo aliyesimama juu ya kigoda ili afikie meza. Binti hakusema alikoyatoa. Aliendelea na kazi.

Hapo ndipo palikuwa pahala pa kusema. Kifua cha Fundi kilijaa, sifa zikapanda zote kwa mkupuo, zikafika kooni, zikabanana mlangoni kama watu wanaogombea kutoka. Na unajua alisema nini, huyu mzee?

"Kisu chako kinataka kunolewa."

Ungekuwepo ungemfinya.

"Nimekinoa leo asubuhi, mzee," binti akajibu kwa upole, akaichukua ile biri ya wastani mkononi mwa baba yake, akaikata kofia yake, yaani kile kipande kidogo cha jani kinachofunika kichwa cha biri, akampa na kiberiti. "Kaa pale. Usiichome kama mtu anayewasha jiko. Ipashe kwanza kwa mbali, uizungushe, ndipo uvute."

Fundi akaenda kukaa, amejikasirikia mpaka masikio yanawaka. Hata hivyo aliiwasha vizuri, maana kuhusu moto na tumbaku mtu yule hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Moshi wa kwanza ulipita mdomoni akafumba macho. Kiko hukupa ladha moja ya kukutuliza. Hii ilibadilika kila baada ya mivuto michache. Ilianza kama mbao, ikaja kahawa, ikaja ule utamu wa zabibu aliounusa mlangoni. Alikaa akishangaa. Mtu anawezaje kupanga ladha zifuatane hivi ndani ya majani?

Mlango ukafunguka akaingia daktari wa meno wa barabara ya pili, mtu wa kuwaambia watu wazima kutwa nzima waache kuvuta, na kila Jumamosi anakuja kununua biri zake huku anaangalia nyuma.

"Za kwako, daktari," binti akasema. "Sanduku lako liko tayari."

"Usiseme kwa sauti," daktari akasema, akamwona Fundi kitini. "Oho, mzee, umeanza leo? Unaivuta kwa utulivu mzuri. Wengi hawawezi."

Sifa tena, na safari hii kutoka kwa mgeni. Fundi akalegea kabisa. Na mtu akilegea, mazoea yanashika usukani. Jivu lilikuwa limerefuka. Kidole gumba chake, kilichoshindilia tumbaku kwenye kiko tangu ujana wake, hakikumwomba ruhusa. Kilikwenda chenyewe mbele ya biri, kikashindilia.

Kwanza kiliungua. Pili, biri ikafyatuka, koti la nje likapasuka kuanzia mbele hadi katikati, jivu likamwagikia kwenye lile koti la kijivu.

"Mzee, hicho si kiko," daktari wa meno akasema, akacheka mpaka akashika kaunta.

Binti alikwisha fika na kitambaa kibichi na kisahani cha jivu. Hakucheka. "Haidhuru, mzee. Wavuta kiko wote wanafanya hivyo. Nipe hiyo, nikuletee nyingine."

Lakini Fundi hakuitoa. Alikuwa ameiinamia. Alizima moto wake kwenye kisahani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirishani, akaanza kuufungua ule mpasuko kwa kucha mbili.

Wanaomjua Fundi Kiko wangeelewa. Ukimletea koti la fundi mwingine hatazami nje hata kidogo. Analigeuza ndani nje, anatazama bitana, anafuata mishono kwa kidole, na hapo ndipo anapojua kama limeshonwa na mtu au na mwizi. Nje, anasema, kila mtu ni hodari.

Ndani ya biri majani yalikuwa yamekunjwa moja moja, kila moja mkunjo wake, mepesi kama upepeo wa karatasi, na kati yake pameachwa njia ya hewa iliyonyooka. Hakuna makombo yaliyosokomezwa. Hakuna jani lililovunjika likafichwa katikati. Hata jani la pili, la chini ya koti, lililoyafunga, ambalo hakuna mteja angeliona maisha yake yote, nalo lilikatwa hanamu, na mwisho wake umechomekwa kwa unadhifu uleule wa nje. Kitu chenye kazi moja tu duniani, kuwa majivu, na bado kimepangwa namna ile.

"Nani anaona huku ndani?" Fundi akauliza.

"Hakuna," binti akasema.

"Na unazipanga hivi zote?"

"Zote."

Fundi aliendelea kutazama. Binti alisubiri kidogo, kisha akarudi kwenye meza yake, akatandaza jani jipya, kwa sababu mtu akisubiri neno la baba yake kwa miaka, anajifunza kutafuta cha kushika.

"Na wewe ni wa kazi hii, mzee?" daktari wa meno akauliza. Alikuwa ameacha kucheka.

"Hapana. Mimi fundi cherehani." Fundi akaiweka biri iliyopasuka kwenye kisahani. "Daktari, nakuambia wewe, kwa sababu mwenyewe namwonea haya. Nimekata vitambaa tangu sijaota ndevu. Nimewavisha watu wakubwa. Sijawahi, hata siku moja, kutengeneza ndani ya kitu vizuri namna hii. Yule pale nilimshikisha mkasi mimi. Alianza kunipita akiwa bado anasimama kwenye kigoda, nikaona, nikanyamaza. Nikaogopa nikimwambia ataharibika. Hakuharibika yeye. Nimeona makoti mengi, daktari. Huyu ni fundi kunishinda."

Daktari wa meno alibaki na sanduku lake mkononi, hajui aliweke wapi. Alimtazama mzee, akamtazama mwanamke wa dirishani.

"Kumbe ni binti yako?"

"Muulize yeye," Fundi akasema.

Daktari akageuka. Binti alikuwa ameinama, kisu mkononi, na kisu hakiendi. Kile kisu kilichokuwa kinapita mara moja tu kilikuwa kimekwama juu ya jani. Akakisukuma. Jani likachanika katikati, vipande viwili.

Alikitazama kile kipande cha kushoto, akatazama cha kulia. Akafuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Ona sasa, Baba," akasema, bila kuinua kichwa. "Umenichania jani."

Fundi Kiko aliinuka na jivu lake kotini. Akaenda mpaka kwenye meza, akasimama upande wa pili, akachukua jani jingine kwenye kitambaa chenye unyevu, akalitandaza, akalishikilia ncha kwa vidole viwili ili lisiteleze.

"Usiseme kitu kingine," binti akamwambia. "Nitaharibu na hili."

"Sisemi. Kata."